Kontroli Namba Nne Inawaka

Chumba cha giza cha maabara ile hakina dirisha wala saa, na kiti chake kimoja kinapiga kelele kila ukikikalia, utadhani umemkalia paka. Humo ndimo anamoshinda Kijani. Jina la kwenye kitambulisho analo, ila hakuna anayelitumia. Wenzake walimbandika hilo kwa sababu kutwa nzima macho yake yako kwenye hadubini, anatafuta vitu vinavyowaka kijani.

Usimwonee huruma. Anaipenda hiyo kazi kupita kiasi. Ana miaka thelathini na moja, miwani yenye mguu mmoja uliofungwa plasta, na furaha ya ajabu kwa mambo ambayo wewe na mimi tungesinzia nayo. Tatizo ni nyumbani. Alipoajiriwa aliwekwa meza ya mikojo, miaka miwili mizima, na familia haijasahau. Ameshahama meza, amesomea mambo ya kingamwili, amekabidhiwa hadubini ambayo wengine hawaruhusiwi hata kuipangusa vumbi. Wapi! Kwenye kundi la familia la simu bado ni Daktari wa Mikojo. Shangazi akiumwa mgongo anaandika: “Daktari wa Mikojo upo hewani? Nikuletee kachupa?” Na chini yake vicheko ishirini.

Kazi yenyewe ni hivi. Damu ikishatulia kwenye tyubu, juu yanabaki maji ya njano, ndiyo seramu. Humo ndimo zinamoogelea kingamwili, wale askari wa mwili. Kijani anachukua tone la seramu, analidondosha kwenye kioo chenye kipande cha tishu chembamba kuliko ganda la kitunguu. Anasubiri. Anaosha. Anaweka rangi inayokamata kingamwili tu. Anaosha tena. Halafu anazima taa na kuchungulia. Kama kuna askari waliong'ang'ania ile tishu, panawaka kijani. Kama hawapo, giza tupu.

Na kila mara lazima iwepo seramu ya mtu mzima wa afya, ya kulinganishia, wanayoiita kontroli. Hiyo haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, ujue wewe ndiye umeboronga. Umeosha vibaya, umekosea vipimo, rudi shule.

Kupata kontroli si mchezo. Wafanyakazi walitolewa damu mpaka wakawa wakimwona Kijani kwenye korido wanakumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa anawasubiri. Ndipo akamleta kaka yake.

Kaka huyu ni mkandaji na mtazamaji wa oveni kwenye kiwanda cha mikate, mwaka wa kumi na nane sasa. Mikono kama magogo, unga kwenye nyusi hata siku ya mapumziko. Wazazi walipoondoka ndiye aliyembakia Kijani, akamsuka nywele kwa vidole vya kukandia, nywele zikasimama wiki nzima kama zimeona polisi. Basi akaja, akapewa fomu. Kwa kuwa maabara ile inashughulika sana na ugonjwa wa ngano, fomu yao ya kontroli inauliza tumbo, tumbo, na tumbo. Unaharisha? Unajaa gesi? Umepungua?

“Nimepungua?” Kaka alicheka, akalipiga tumbo lake kama ngoma. “Hebu niangalie kwanza, halafu uulize tena bila kuona haya.”

Akapita. Akawa kontroli namba nne.

Sasa twende Jumatatu yenyewe. Daktari wa mishipa ya fahamu wa ghorofa ya juu alikuwa ameomba kipimo kipya. Alitaka seramu za wagonjwa wake zijaribiwe kwenye vipande vya ubongo wa tumbili, ile sehemu ya kisogoni inayoshughulika na mwendo na mizani ya mwili. Vioo vimefika wiki iliyopita, Kijani hajalala vizuri kwa hamu. Siku ya kwanza akaanza na kontroli zake, ahakikishe zote ni giza.

Namba moja, giza. Namba mbili, giza. Namba tatu, giza safi kabisa, angeweza kuibusu.

Namba nne ikawaka!

Si kuwaka kwa madoa ya uchafu. Kulikuwa na seli kubwa zenye matumbo mapana na shingo nyembamba, zimejipanga mstari mmoja kama chupa kwenye rafu, na kila moja inang'aa kijani mpaka shingoni. Kitu kizuri hujapata kuona. Kijani akasahau kupumua. Halafu akakumbuka kwamba hiyo ni kontroli, na moyo ukamshuka.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa maabara, mzee mrefu mwembamba, watu wanamwita Rudia nyuma ya mgongo wake, na utaelewa sasa hivi kwa nini. Alichungulia. Akasema:

“Rudia.”

“Bosi, nimeosha mara tatu.”

“Rudia.”

Jumanne akarudia. Akaosha mpaka vidole vikakunjamana. Akabadilisha rangi, akabadilisha maji ya chumvi, karibu abadilishe na dini. Moja, mbili, tatu, giza. Nne, chupa zote kwenye rafu, zinawaka vilevile.

“Basi hiyo kontroli imeharibika,” Rudia akasema. “Itupe, tafuta mtu mwingine.”

Kijani alitoka na ile tyubu ndogo mfukoni, hajaitupa. Saa ya chakula, Kaka akamkuta kwenye benchi la nje. Kuja kwake ilikuwa kawaida, kila Jumanne analeta mkate wa moto amefunga kwa gazeti. Ila siku hiyo alipoingia getini bega lake likagonga nguzo. Akarudi nyuma, akaipita, akaja kwa hatua pana pana, miguu imeachana, kama mtu anayetembea juu ya godoro.

“Nguzo imekusalimia?” Kijani akamtania.

“Imenipenda. Ni ya tatu leo.”

Akakaa. Hakucheka tena. Akatoa karatasi mfukoni.

“Wameniandikia. Trei tatu nimeangusha mwezi huu. Msimamizi anasema nanuka pombe.”

“Wewe? Pombe?”

“Eti anasema ninapepesuka na ninavuta maneno. Ijumaa saa tisa naitwa ofisini, nikafukuzwe kwa ulevi. Miaka kumi na nane, mdogo wangu! Kwa ulevi! Mimi ambaye kwenye harusi nakunywa soda mpaka meno yanauma.”

Hilo la ulevi lilikuwa limeshaenea. Shangazi alishaandika kwenye kundi, wiki mbili zilizopita: “Mwenye kujua kaka yenu anakunywea wapi aniambie nikamtoe kwa fimbo.” Kijani mwenyewe, aibu hiyo, aliwahi kumnusa kimyakimya alipomkumbatia. Alinuka hamira tu.

Kaka akachukua chupa ya maji afungue. Kidole kikapita pembeni ya kifuniko. Akajaribu tena, kikapita upande wa pili. Mara ya tatu ndiyo akakipata, na maji yakamwagika gotini.

Kijani alikuwa anatazama kile kidole, na ghafla nywele zikamsimama. Mwendo. Mizani. Ulimi mzito. Kazi za ubongo wa kisogoni, ule ule uliolala kwenye vioo vyake! Tyubu ikawa kama kaa la moto mfukoni mwa koti lake jeupe.

“Kaka, tumbo lako linaendeleaje?”

“Tumbo langu limewakosea nini nyie watu?”

Hakumwambia kitu. Sheria ya maabara haitaki umpashe mtu habari za damu yake kwenye benchi huku anakula. Alipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Rudia.

“Bosi, namba nne haijaharibika. Namba nne anaumwa!”

“Namba nne hana jina humu ndani.”

“Najua.”

“Lakini wewe unalijua.”

“Nimetoka naye tumbo moja, bosi, nitaachaje kulijua?”

Rudia alivua miwani. Kwa Rudia hiyo ni sawa na mwingine kurusha kiti. “Tuseme anaumwa. Kuwaka si ugonjwa, kuwaka ni swali. Wale askari wanamtafuta nani pale kwenye ubongo?”

“Hawautafuti ubongo. Wanatafuta ngano.”

Akaanza kueleza, mikono yote miwili hewani. Ni kama umegombana vibaya na jamaa mmoja mwenye shati la mistari. Umemshika sura? Hapana, umeshika mistari. Kesho unakutana sokoni na mtu wa watu, hana hili wala lile, kavaa mistari ile ile, unamrukia kooni. Kuna watu miili yao imegombana na gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike. Wengi wao ugomvi unaishia tumboni, utumbo unachakaa, ndio wale wa kwenye fomu yetu. Lakini wengine tumbo halisemi kitu. Askari walewale waliotengenezwa kwa ajili ya ngano wanapita wanakutana na seli za ubongo zenye kipande kinachofanana na gluteni, na wanazirukia. Mistari ile ile!

“Na sisi tunawauliza tumbo,” Rudia akasema taratibu.

“Tunawauliza tumbo, bosi. Tukamchukua mgonjwa tukamwita mzima.”

Friji likanguruma.

“Utathibitishaje?”

“Niwape ngano kwanza. Seramu niichanganye na protini ya ngano kabla haijagusa kioo. Kama ni askari wa ngano, wataing'ang'ania hukohuko kwenye tyubu, hatabaki wa kwenda kwenye ubongo. Kioo kitazima.”

“Na huyo mtu aje kwa mlango wa mbele. Amwone daktari, asaini, awe mgonjwa mwenye faili. Si kontroli ya mfukoni.”

Jumatano asubuhi Kaka alikuwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mtangazaji. Alimgusisha pua kwa kidole, Kaka akajigusa shavu. Alimwambia atembee kisigino kwenye ncha ya kidole, Kaka akaomba ukuta. Akamtoa damu mpya, akamsainisha ruhusa, akashusha tyubu chini kwa Kijani.

Kijani akapanga tyubu tatu. Moja seramu peke yake. Ya pili seramu na protini ya ngano. Ya tatu seramu na protini ya yai, ili asije mtu akasema protini yoyote ile ingefanya hivyo. Masaa mawili ya kusubiri alizunguka korido mara nyingi hadi mfagiaji akamuuliza kama amepoteza kitu. Kisha vioo, kuosha, rangi, kuosha, taa ikazimwa.

Peke yake, inawaka. Yai, inawaka. Ngano?

Giza. Giza kama ndani ya buti!

“IMEZIMAAA!” Alitoka mbio, glavu moja mkononi, miwani imepinda. Mfagiaji akapiga makofi bila kujua anashangilia nini. Rudia akaja, akakikalia kile kiti cha paka, akachungulia vioo vitatu kimoja kimoja.

“Protini ya ngano uliiyeyusha kwa kitu gani?”

“Kwa spiriti. Kwa maji haiyeyuki, bosi, unajua.”

“Na ya yai?”

“Kwa ma...” Kijani akaishia hapo.

“Kwa maji,” Rudia akammalizia. “Na ile ya peke yake haina hata tone. Nitajuaje ni ngano iliyozima, na si spiriti imewaua askari wako?”

Ungemwona! Uso ulivyomvimba. “Yaani hata humu ndani, bosi? Hata kwenye tyubu mnamsingizia pombe?”

Rudia akakohoa, pengine alikuwa anaficha kicheko. “Rudia.”

Alhamisi aliingia kabla ya mlinzi kumaliza chai. Safari hii kila tyubu ilipata tone la spiriti, kipimo kilekile, hakuna upendeleo. Ya peke yake ikanywa. Ya yai ikanywa. Ya ngano ikanywa. Saa tano taa ikazimwa. Rudia hakusubiri kuitwa, alikuwa ameshasimama nyuma ya kiti.

Peke yake na spiriti, chupa zote rafuni, zinawaka.

Yai na spiriti, zinawaka.

Ngano na spiriti. Kijani akasogeza kioo, akazungusha skrubu ya hadubini, akapekua kona hadi kona. Hakuna chupa hata moja. Akampisha bosi. Mzee akakaa pale muda mrefu, kiti kikilia kila akisogea, na Kijani akawa anang'ata kola ya koti lake. Pombe ilikuwa kwenye tyubu zote tatu, na seli zimezima kwenye moja tu. Hata kiziwi angesikia hilo.

Rudia akainuka. Akafungua mdomo. Kijani akafumba macho akisubiri lile neno.

“Mpigie daktari,” mzee akasema. “Mwambie tuna kitu.”

Alimrukia shingoni. Bosi wake! Mzee akasimama mikono chini kama mwanajeshi, ila hakumtoa.

Jioni ile ile, kabla kliniki haijafungwa, daktari alimkalisha Kaka chini. Kipimo cha kawaida cha damu nacho kilikuwa kimerudi, kingamwili za ngano ziko juu ajabu. Picha ya kichwa bado wangepiga, alisema, na kioo cha Kijani peke yake hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Ila damu, kioo, kidole na miguu, vyote vinasema jambo moja.

“Ukiendelea kula ngano, zile seli zitazidi kufa,” akasema. “Zilizokufa hazirudi, nisikudanganye. Zilizobaki tunaweza kuziokoa. Mkate basi. Na chumba chenye vumbi la unga, basi.”

Kaka aliitazama mikono yake. Kijani alijiandaa kwa lolote, hata kilio.

“Yaani muda wote huu,” Kaka akasema, “nilikuwa najikandia mwenyewe?” Halafu akainua kichwa, na uso wake wote ukafunguka. “Subiri, subiri. Kwa hiyo mimi si mlevi?”

“Si mlevi.”

“Sema tena, mama.”

“Si mlevi, baba, na nakuandikia barua yenye mhuri.”

“Mhuri mkubwa?”

“Mkubwa kuliko wote nilionao.”

Ijumaa saa tisa kasoro walikuwa kiwandani, Kaka na barua, Kijani kama mkongojo wake. Kaka alimshika kiwiko kwenye ngazi za ofisi, barakoa usoni kwa amri ya dada mtu, na wafanyakazi wa zamu wakawa wanachungulia kutoka kwenye mlango wa kukandia. Msimamizi alikuwa na daftari la mwenendo wazi mezani. Kijani akayasoma maandishi juu chini: *Ulevi kazini, mara ya tatu.*

Msimamizi akasoma barua. Akairudia. Akamtazama Kaka, akatazama mhuri, akamtazama tena Kaka.

“Kwa hiyo ni mkate?”

“Ni mkate.”

“Huu huu wetu?”

“Huu huu ninaoukanda mimi.”

“Na hii inasema huyu dada ndiye...”

“Daktari wa Mikojo,” Kaka akasema kwa majivuno, na Kijani akamfinya.

Msimamizi aliegemea kiti, akapangusa uso kwa viganja vyote viwili. Akasema pole, mara mbili, ya pili ndiyo ilitoka moyoni. Akasema basi, mambo ya kufukuzwa yaishe, ila kwenye unga hawezi kumrudisha. Kuna meza ya kupokea oda kule mbele, kuna mlango wa kioo, vumbi halifiki, kazi ni simu na kalamu. Ataweza?

“Nitaweza. Lakini kwanza futa hilo.”

“Lipi?”

Kaka akanyoosha kidole kwenye daftari. Kikaenda kombo, kikatua kwenye kikombe cha chai. Akakirudisha polepole, bila haraka, mbele ya watu wote waliokuwa wanachungulia, mpaka kikafika juu ya neno lenyewe.

“Hilo. Futa wakiona.”

Msimamizi akachukua kalamu, akalikata neno *ulevi* kwa mstari, akaandika pembeni *ugonjwa*, akasaini. Mlangoni kwa wakandaji mtu akapiga mluzi, mwingine akagonga trei kwa mwiko, na ghafla ghorofa nzima ikawa kelele. Kijani alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na miwani ikamwangukia.

Kaka hakusubiri watulie. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kukabidhi oveni zake. Alimwambia msimamizi aandike, msimamizi akageuza ukurasa akaandika kweli. Yule kijana wa zamu ya pili ndiye ana mkono mzuri, msimpe mwingine. Hamira ya Jumatatu huwa imelala, iongezeeni dakika kumi.

“Na oveni ya pili,” Kaka akasema, mikono yake mikubwa ikipepea hewani, maneno yakikimbizana hata yale yaliyokuwa yanakwama, “kona ya kushoto, nyuma kabisa, inaunguza. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nageuza trei mwenyewe ikifika nusu. Andika hiyo: nusu, geuza. Umeandika?”

“Nimeandika.”

“Isome nisikie.”